Hotuba za Mwalimu Nyerere katika Darasa la Wakubwa



Muhula huu darasa la wakubwa, yaani wenye miaka kumi na miwili na kuendelea, wanasoma na kusikiliza hotuba na maandishi ya Mwalimu Julius Nyerere. Tangu tulipotangaza jambo hili wazazi wameniuliza maswali mawili. La kwanza limeulizwa na wengi mlangoni wakati wa kuchukua watoto: je, Kiswahili cha Mwalimu si kizito kwa watoto waliozaliwa hapa Uingereza? La pili limeulizwa na wachache, tena kwa sauti ya chini: kwa nini yeye? Yote mawili ni maswali ya haki, na kwa kuwa zamu zangu za wodini haziniachii muda wa kukaa na kila mmoja wenu kwenye kikombe cha chai, nimeona niandike hapa.

Nianze na la kwanza, maana ndilo jepesi. Watoto wetu wengi hufikiri kwamba Kiswahili ni cha wale waliozaliwa nacho mdomoni, na kwamba wao wanakikopa tu. Basi wajue kwamba Nyerere naye hakuzaliwa nacho. Alizaliwa mwaka 1922 Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki. Shule alianza akiwa na miaka kama kumi na miwili, mwaka 1934, Musoma, na Kiswahili alijifunzia huko, akiwa na umri sawa na wa wanafunzi wa darasa hili. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere kule Uganda, na mwaka 1949 akaja huku, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akakaa hadi 1952. Aliporudi alifundisha sekondari ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, na cheo cha Mwalimu kikamganda maisha yake yote, hata alipokuwa Rais.

Nadhani ndiyo sababu Kiswahili chake kinafundishika. Mtu aliyejifunza lugha darasani anajua mahali ambapo msikilizaji anaweza kujikwaa. Sentensi zake ni fupi. Neno gumu akilitaja, hulirudia kwa namna nyingine kabla hajaendelea. Hupenda kuuliza swali, akanyamaza, halafu akalijibu mwenyewe kana kwamba ni mtu mwingine anayejibu. Kazini kwangu nimefanya kazi na madaktari wa aina mbili. Wapo wanaomweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa maneno ya vitabuni, na wakishatoka mgonjwa ananigeukia mimi na kuuliza, "Amesemaje?" Na wapo wanaovuta kiti, wakaeleza kwa mfano wa bomba na tangi la maji, na mgonjwa akaweza kumweleza mkewe jioni ile ile. Nyerere ni wa hao wanaovuta kiti. Sikilizeni rekodi yake yoyote ya Kiswahili kwa dakika kumi, mtasikia watu wakicheka. Wanacheka kwa sababu wameelewa.

Na alihitaji kueleweka. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya mia moja, na kila kabila na lugha yake. Alizunguka nchi nzima akihutubia, na kwa sehemu kubwa aliweza kufanya hivyo kwa Kiswahili bila mkalimani, kwa sababu lugha hii ilikuwa imekwisha kusambaa kwa biashara, kwa shule na kwa utawala. Huko nje, Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1955, alizungumza Kiingereza. Aliporudi nyumbani, jambo lile lile ilibidi aliseme upya kwa mkulima wa pamba na kwa kuli wa bandarini. Watoto wetu wanaijua kazi hiyo. Kila wanapompigia bibi simu na kujaribu kumweleza walichofanya shuleni, ndiyo wanayoifanya.

Tazameni alivyoyashika maneno. Alipotaka kueleza siasa yake, mwaka 1962, hakuazima neno la Kizungu akalivalisha kanzu. Alichukua neno la nyumbani, *ujamaa*, yaani hali ya kuwa jamaa, akalipa kazi mpya. Katika makala ile alitumia methali ambayo bibi zetu wote waliijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hoja yake ilikuwa kwamba ukarimu wa Kiafrika haukuwa wa kulea wavivu, kwani kila aliyekula alitarajiwa kulima. Neno *kujitegemea* nalo ni somo la sarufi lililo tayari. Chukua *tegemea*, weka *ji* mbele yake, na maana yote inageuka. Mwaka 1967 neno hilo lilikuwa ndani ya kichwa cha andiko lake kuhusu elimu, Elimu ya Kujitegemea, na hadi leo mtu wa kawaida hulitumia bila kujua kwamba kuna wakati lilikuwa siasa ya serikali.

Kuna pia *kung'atuka*. Mwaka 1985 alipoacha urais kwa hiari yake alilileta neno hili kutoka Kizanaki. Mzee anang'atuka anapoachia wadogo zake jukumu bila kusukumwa. Leo limo katika magazeti ya Kenya na ya Tanzania kana kwamba limekuwapo tangu enzi. Nimewaambia watoto kwamba lugha ya nyumbani kwao, iwe Kimakonde, Kikamba, Kifulero au Kishirazi cha kijijini, huenda nayo ina neno ambalo Kiswahili bado hakina. Wameleta kadhaa. Mengine hayaandikiki.

Neno jingine ni *bepari*. Zamani pwani lilikuwa neno lisilo na ubaya, lenye asili ya Kihindi, maana yake mfanyabiashara tu. Siasa za ujamaa zikaligeuza likawa karibu tusi. Nyerere aliyekuwa Rais alipata wakati, sijui usiku gani, wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kurekebishwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na nyingine mwaka 1969 aliyoiita Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza mfanyabiashara wa kichwa cha kitabu ni mmoja. Nyerere amewafanya wengi, na neno alilolichagua ni lile ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha kila mtu alilisikia kwa sikio jipya. Wanafunzi wanaosoma Shakespeare katika shule zao za Jumatatu hadi Ijumaa wanaweza kumpelekea mwalimu wao habari hii, na nina hakika wengi hawaijui.

Sasa niingie kwenye Azimio lenyewe, maana ndilo tutakalokaa nalo kwa wiki nyingi zaidi. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na likatangazwa tarehe 5 Februari. Liliandikwa kwa Kiswahili, kisha ndipo likatafsiriwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tuliosoma Tanzania tulikariri mambo manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Tuliyaandika kwenye mtihani tukapata alama na tukasahau. Mimi nilikuwa mmoja wa hao, sekondari, miaka ya 1990, wakati Azimio lenyewe lilikuwa limekwisha wekwa kando. Nimelisoma lote, kwa utulivu, nikiwa huku nimeshakuwa muuguzi, na kuna sehemu moja iliyonifanya niweke karatasi chini.

Ni sehemu ya mikopo na hospitali. Hoja inakwenda hivi. Nchi inakopa fedha nje na kujenga hospitali kubwa. Hospitali inajengwa mjini. Mkopo lazima ulipwe kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zinatoka wapi? Zinatokana na pamba, kahawa na katani zinazouzwa ng'ambo. Pamba na kahawa zinalimwa na nani? Na mkulima, kijijini. Kwa hiyo anayelipa hospitali ni mtu asiyefika hospitali. Kisha hoja inahamia kwenye barabara za lami na mambo mengine ya mjini, na kila mara jibu ni lile lile. Hakuna neno gumu hata moja katika mnyororo huo. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kuufuata kwa kidole, na ndivyo tutakavyofanya: kila mwanafunzi atachora mnyororo wake, kuanzia jengo hadi jembe. Kisha nitawauliza ni nani analipa kitu gani katika mji huu tunamoishi, na nani anakitumia. Najua majibu yatakuwa ya moto. Nusu ya akina mama wa shule yetu wanasafisha ofisi alfajiri.

Sehemu nyingine inahusu akina mama wenyewe. Azimio linasema waziwazi kwamba vijijini wanawake wanafanya kazi saa nyingi, kumi na mbili hata kumi na nne kwa siku, na Jumapili na sikukuu pia, wakati wanaume wengi wa kijijini nusu ya maisha yao ni kama wako likizo. Hii iliandikwa mwaka 1967, na chama kilichoongozwa karibu chote na wanaume. Akina baba, msinune, someni wenyewe.

Kisha kuna masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Watoto waliposikia hilo la nyumba walicheka sana, maana kila mmoja anamjua mjomba mwenye nyumba ya kupangisha. Masharti haya yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Wenyeji wa siasa za Tanzania bado wanabishana kama huo ulikuwa uungwana wa kukubali hali au mwanzo wa kuporomoka.

Nafika sasa kwenye swali la pili, lile la sauti ya chini.

Katika shule yetu kuna watoto ambao babu zao waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengine bila kubeba hata picha. Kuna familia zenye asili ya Bara Hindi ambazo nyumba zao za Dar es Salaam na Tanga zilitaifishwa mwaka 1971. Kuna mzazi ambaye babu yake alihamishwa wakati wa vijiji. Kwa watu hao sauti ya Nyerere redioni si sauti ya mwalimu mcheshi. Mzazi mmoja aliniambia hataki mtoto wake afundishwe kumpigia makofi mtu huyo. Nilimwelewa, na nakubaliana naye kwamba makofi si kazi ya darasa.

Kazi yetu ni kuyaweka maneno karibu na vitendo na kuyatazama yote mawili. Nyerere anarahisisha kazi hiyo kwa sababu aliandika sana. Mwaka 1968 alitoa andiko kuhusu uhuru na maendeleo, na hoja yake kuu ni kwamba mtu haendelezwi na mwingine. Mtu hujiendeleza mwenyewe, kwa kuamua na kwa kuelewa anachokifanya, na huwezi kumjenga kwa kumwamrisha. Miaka mitano baadaye, 1973, ni yeye aliyetangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini lazima wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Mamilioni walihama. Sehemu nyingine walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zao za zamani zikachomwa wasirudi. Andiko na amri vilitoka kwa mtu mmoja. Mtoto anayeweza kusoma vyote viwili kwa Kiswahili na kuuliza "Ilikuwaje?" ameshapata elimu ambayo mimi sikuipata sekondari.

Hali kadhalika sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, iliyopitishwa mwaka 1962, mwaka ule ule aliotoa kijitabu chake cha Tujisahihishe. Kijitabu hicho ni kifupi na kikali, kinawakemea wanachama wanaopima hoja kwa kumtazama aliyeisema badala ya kuitazama hoja yenyewe. Nimeamua tukisome chote darasani. Baada ya hapo kila mwanafunzi atakuwa huru kumkosoa Mwalimu kwa kipimo chake mwenyewe, na sitampunguzia mtu alama kwa hilo.

Haki inadai niseme pia kwamba alijipima hadharani kuliko viongozi wengi. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio, aliandika taarifa ndefu ya kuhesabu mafanikio na makosa, na humo alikiri kwamba Tanzania haikuwa ya kijamaa bado, wala haikuwa inajitegemea. Alitaja mazuri, hasa shule na maji na zahanati, lakini hakuficha hasara. Sisi wauguzi tunajua uzito wa kuandika kwenye faili la mgonjwa kwamba dawa uliyoitoa haijafanya kazi uliyoitarajia. Sisemi kukiri kunarudisha nyumba ya mtu.

Kuhusu Zanzibar nitasema kidogo, kwa sababu wengine hapa wanajua zaidi yangu na uchungu ni wao. Muungano ulitiwa sahihi Aprili 1964, na tangu hapo hadi kufa kwake Nyerere aliutetea bila kurudi nyuma, jambo ambalo wengine wanamshukuru na wengine wanamlaumu. Mwaka 1995, akiwa mstaafu, alizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam kuhusu nyufa alizoziona katika nchi. Humo mna ile hoja maarufu ya ubaguzi: kwamba ukianza kusema sisi Wazanzibari na wao Watanganyika, hutaishia hapo. Baada ya kuachana na wa kwanza utagundua kuna Waunguja na Wapemba, na ubaguzi utaendelea kutafuta wa kubagua. Aliufananisha na kula nyama ya mtu, kwamba aliyeonja haachi. Mfano unatisha, na amekusudia utishe. Wapo wanaousikia kama onyo la hekima. Wapo wanaousikia kama njia ya kumnyamazisha mnyonge anayedai chake. Tutausikiliza, na watoto watakwenda nyumbani kuuliza wazee wao, na watakacholeta tutakisoma darasani bila kukihariri. Mzazi asiyependa mtoto wake awepo siku hiyo aniambie tu, nitampa kazi ya tafsiri katika chumba cha pili na hakuna atakayemuuliza.

Kwa walioko Uingereza kuna mambo mawili ambayo watoto waliyapenda. Tarehe 26 Juni 1959, Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano Holborn, London, uliowataka watu wa nchi hii wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Kutokana na mkutano huo ilikua harakati kubwa ya kupinga ubaguzi ule. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alisema wangependa kuwasha mshumaa juu ya Kilimanjaro uangaze hata nje ya mipaka, ulete tumaini palipo na kukata tamaa. Ilikuwa sitiari ya hotuba tu. Lakini usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni kweli, na hadi leo Mwenge wa Uhuru unakimbizwa kila mwaka. Mvulana mmoja aliuliza kama sitiari zote lazima zifanyike. Nilimwambia hapana, lakini ajihadhari na anachosema mbele ya jeshi.

Jeshi linanikumbusha hotuba ya vita, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Hii ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo nitakayoitumia kidogo zaidi. Imejengwa juu ya maneno matatu, uwezo, sababu na nia, na kila mtoto anaikariri ndani ya dakika mbili kwa sababu ya mdundo wake. Kukariri ni kuzuri. Lakini tuna watoto wa Kiganda darasani, na vita vile vilipita kwenye miji ya mababu zao, kwa hiyo mdundo peke yake hautoshi.

Niseme jinsi ya kusaidia nyumbani. Rekodi zake nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Msimpe mtoto hotuba nzima ya saa mbili, atalala, na nyinyi pia. Chagueni dakika kumi. Hotuba ya Mei Mosi ya Mbeya, 1995, ndiyo nzuri ya kuanzia, kwa sababu anaongea na wafanyakazi uwanjani kama mzee barazani, kuhusu rushwa na ukabila na sifa za kiongozi, na vicheko ni vingi. Sikilizeni mara ya kwanza bila kusimamisha. Mara ya pili simamisheni kila anapouliza swali, mwache mtoto ajibu kabla yake. Akijibu kwa Kiingereza mkubalieni, kisha mwombeni aseme tena kwa Kiswahili hata kama kimevunjika. Msimcheke. Mkiwa na mzee ndani ya nyumba, mwacheni asikilize pia, maana atasimamisha mwenyewe na kuanza kueleza, na hapo mtaweza kuzima rekodi mkamsikiliza yeye.

Wanaotaka maandishi waulizie kwangu. Vitabu vikubwa vitatu vya Kiingereza vya hotuba na makala zake vilichapwa na Oxford University Press mwaka 1966, 1968 na 1973, na maktaba nyingi za vyuo vikuu vya hapa zinavyo. Azimio na Elimu ya Kujitegemea kwa Kiswahili ninazo nakala, nitazitoa kwenye mashine kwa atakayetaka.

Tutaanza Jumamosi ijayo saa nne kamili na mnyororo wa hospitali. Watoto waje na rula, penseli za rangi na karatasi kubwa kama mnazo. Jumamosi inayofuata mimi niko zamu ya usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo tutaanza saa tano, na nitashukuru sana mzazi mmoja akijitolea kuja mapema kufungua mlango na kuwasha chemsha maji.